Maneno ya Nyuma ya Pazia

Bangili zilianza kulia saa kumi na mbili asubuhi, na Harleen akajua wifi yake ameamka. Zilikuwa nyekundu na nyeupe, zimejaa kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, mikono yote miwili, na bibi harusi hazivui mpaka siku arubaini zitimie. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita. Harleen alizihesabu kwa sababu kila mlio wa bangili ulimwingia kichwani kama kijiko kinachokwaruza sufuria, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu zilikuwa kwenye mikono ya mtu aliyemnyang'anya kaka yake.

Harleen ana usonji. Daktari alilitamka neno hilo yeye akiwa na miaka ishirini na sita, lakini nyumbani kwao Batala walikuwa wamelizoea jambo lenyewe miaka mingi kabla ya kulijua jina. Walijua kwamba mtu akimgusa bila kumwambia, ngozi yake inaungua. Walijua kwamba kelele zikizidi, sauti yake inakwama kooni na hata jina lake hawezi kulitaja. Walijua pia kwamba chini ya gauni anajifunga tumboni kilemba cha zamani cha kaka yake, mzunguko juu ya mzunguko, akikaza mpaka mbavu zitulie. Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Kila nyumba ina mtu wake na mambo yake.

Tatizo lake na viwanja vya ndege lilikuwa pazia. Wanaume hupekuliwa hadharani, wanapanda kijukwaa, wananyoosha mikono, wanapapaswa, wanakwenda zao. Wanawake huingizwa kwenye kibanda chenye pazia ili heshima zao zisionekane, na humo ndani kuna askari wa kike mwenye kifaa kinacholia na mikono miwili anayoitumia bila kuuliza. Sijui ni nani aliyeamua kwamba heshima ni kufichwa wakati unaguswa. Harleen angekubali kupekuliwa katikati ya ukumbi mchana kweupe, watu wote wakitazama, kuliko kusimama ndani ya kile kisanduku asijue mkono utatokea wapi.

Dawa ya pazia ilikuwa kaka yake Noor. Wakisafiri, Noor alimaliza upande wa wanaume haraka, akaja kusimama nje ya pazia, akamwomba askari afuate mpangilio mmoja, na akausema kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua, kabla ya kila mguso. Sasa mikono. Sasa mgongo. Sasa kiuno. Sasa miguu. Imekwisha. Ndiyo hayo tu. Safari kumi na moja walipita hivyo, na Harleen aliyaweka maneno yale mahali ambapo watu wengine wanaweka sala. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo.

Safari ya kumi na mbili, mwezi wa pili, askari mgeni alimfukuza Noor. Alisema mwanamume hasimami kwenye pazia la wanawake, awe kaka, awe nani. Harleen aliingia peke yake, mkono wa kwanza ulipomgusa akaanguka chini, akapiga mayowe mpaka ndege ikaondoka bila yeye. Alikuwa anakwenda Pune kuanza kazi kwenye kampuni inayochapisha vitabu vya shule. Alikuwa amefaulu mtihani wao kuliko wote, hakuna kosa la maandishi linalompita. Treni ni karibu siku mbili za kusongwa na watu, hiyo hata haikutajwa; kampuni ilimngojea miezi sita. Barua ya mwisho ilisema kwa adabu kwamba haitangoja tena, na siku ya kuripoti ilikuwa kesho. Basi ilikuwa ni kupita pazia leo, au kubaki Batala na mama maisha yake yote, akisikiliza kwa simu jinsi Noor na mkewe wanavyoishi Pune.

Siku tatu kabla ya safari, wakiwa mezani, Noor alitangaza kwa furaha kwamba amepata suluhisho. Mehak, mkewe, ni mwanamke. Mehak atasimama nje ya pazia na hakuna atakayemfukuza. Tena maneno yote ameshayakariri, hata leo akiamshwa usingizini atayasema.

Mehak alitabasamu na bangili zikalia. Harleen aliacha mkate wake na dengu yake akaondoka mezani.

Walidhani ni hofu ya safari. Haikuwa hofu. Ulikuwa wivu, mchungu kama shubiri, na Harleen aliujua kwa jina. Noor kuoa, sawa. Noor kucheka usiku chumbani na mtu mwingine, haya. Lakini kuchukua yale maneno matano na kumpa mtu huyu bila hata kumuuliza mwenyewe? Angempa nyumba. Angempa gari. Wanaume wakioa wanagawa vitu ambavyo si vyao, halafu wanashangaa watu wakinuna.

Ndiyo maana asubuhi ile ya safari, saa mbili na robo, alipoona kile alichokiona, alinyamaza.

Mama yake Mehak alikuwa amekuja kumuaga mwanawe. Alimtandazia shali mapajani na kumjazia vitu vya baraka kama inavyotakiwa kwa binti anayekwenda kwake: tende kavu, sukari mawe, na gola, ile nazi nzima iliyokaushwa mpaka ikawa nyepesi na ngumu, imefungwa uzi mwekundu. Tende na sukari vilikwenda kwenye sanduku kubwa. Gola hapana. Mama alisema gola haiachi mkono wa bibi harusi mpaka avuke kizingiti cha nyumba yake. Akamtilia kwenye mkoba wake mwekundu wa mkononi, akalia kidogo, wote wakalia kidogo.

Harleen hakulia. Yeye alikuwa akiiona orodha. Orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuingia na abiria ndani ya ndege aliisoma karibu kila siku kwa miezi sita, kwa sababu kujua sheria kulimpa amani. Na nazi kavu imo. Ina mafuta, inashika moto. Kwenye sanduku la kwenda tumboni mwa ndege nayo wanaikataa kama haijakatwa vipande. Mtu wa nchi nyingine asingefikiria kusafiri na nazi kavu, lakini huko kwao nusu ya maharusi hubebeshwa, na kila siku viwanjani zinatupwa.

Alifungua mdomo. Bangili zikalia. Akaufunga.

Kwenye gari alikuwa na saa nzima ya kusema. Alitazama mashamba ya mpunga. Kwenye kaunta ya mizigo, Noor aliuliza kama kila mtu ameweka sawa vitu vyake, na dada wa kaunta akauliza tena. Pale ilikuwa neno moja tu: kisu cha kukatia wangekipata kwenye kibanda cha chai, vipande vingeingia sandukuni, mambo yangekwisha. Harleen aliutazama mkoba mwekundu, akaona umbo la duara limetuna pembeni, akasema yeye yuko sawa. Alitaka kumwona wifi yake akisimamishwa. Mara moja tu. Alitaka yule mwepesi, mzuri, anayependwa na kila mtu, aulizwe mbele za watu: hiki ni nini?

Foleni ya wanawake ilikuwa fupi. Noor aliondoka kwenda upande wa wanaume, akageuka mara mbili kuwatazama, na mara zote mbili Harleen hakujua alikuwa anamtazama nani. Mpango ulikuwa Mehak atangulie, apekuliwe, kisha asimame nje ya pazia Harleen akiingia. Mikoba ikatiwa kwenye trei ikaingia kwenye mashine. Harleen alivua vile vizibo vikubwa vya masikio anavyovaa kuzuia kelele, akaviweka kwenye trei, na ukumbi mzima ukamvamia: magurudumu, vipaza sauti, mtoto analia, mtu anakohoa.

Mehak alipita kwenye mlango wa mashine, na mlango ukapiga kelele kana kwamba umemwona mwizi. Bangili zake zilikuwa na vipete vya dhahabu katikati. Harleen alingoja. Yeye mwenyewe hakuwa amevaa hata pini ya chuma, viatu vyake vya kitambaa, vifungo vya mbao, kwa sababu mlio mmoja kwake maana yake ni mikono ya ziada. Sasa tuone.

Askari wa kike, mwanamke mnene mwenye sura ya kuchoka, aliitazama ile mikono myekundu na uso wote ukamlainika.

"Bibi harusi, mjomba wako alinunua duka zima?" akasema.

Huko kwao bangili za harusi hununuliwa na mjomba, na wanawake kwenye foleni wakacheka. Mehak naye akacheka, akasema mjomba anao wapwa wa kike wawili tu na mwenzake bado hajaolewa, kwa hiyo amepewa za wote. Askari akamuuliza kwao ni wapi. Alimwingiza nyuma ya pazia, na hata kufika kuhesabu kumi hakufika, akamtoa. Alimwombea na watoto juu yake.

Ewe Mungu, jinsi Harleen alivyomwonea wivu. Huyu kaja na chuma kila mkono, kapita kwa kicheko. Yeye aliyejivua kila kitu kinacholia ndiye atakayepapaswa hadi kisigino, kwa sababu haangalii watu machoni, na asiyeangalia watu machoni anaonekana ana jambo. Aliona wivu wa kucheka kwa wakati. Aliona wivu wa ngozi inayoguswa na isiungue.

"Anayefuata," askari akasema.

Harleen aliingia, akapanda kile kijukwaa. Pazia likafungwa. Chini ya pazia aliona viatu vya Mehak vya dhahabu vimesimama kama walivyokubaliana.

Ndipo mwanamume kwenye mashine ya mikoba akapaza sauti: "Mkoba mwekundu huu wa nani?"

Viatu vya dhahabu vikasita. Sauti ikarudia, kali zaidi. Viatu vikaondoka, na bangili zikasikika zikienda mbali.

Nisiseme uongo, Harleen alifurahi. Furaha ilidumu pumzi moja. Pumzi ya pili akakumbuka yuko wapi.

Kifaa kilimvumia kwapani. Kisha mkono ukatokea mgongoni, hakuambiwa, na moto ukapanda mpaka shingoni. Mkono ukaja tumboni ukasimama. Ukabonyeza. Askari alikuwa amekikuta kile kilemba, mapande manene ya kitambaa yaliyozungushwa chini ya gauni.

"Hiki ni nini?"

Harleen alijua jibu. Jibu lilikuwa limekaa kooni, zima kabisa, halitoki.

"Nakuuliza wewe. Umefunga nini humu?" Askari alimwita mwenzake. Sasa walikuwa wawili, kibanda kikajaa, mkono mmoja ukalishika fundo la kilemba na kulivuta. Harleen alianza kuteremka sakafuni, kama mwezi wa pili. Aliwaza: ni mimi mwenyewe. Nimemwondoa mwenyewe.

"Sasa mikono, wifi!"

Sauti ilitoka mbali, upande wa mikoba, kubwa kama ya muuza mboga.

"Sasa mikono! Halafu mgongo! Dada askari, mpangilio ni huo, mikono, mgongo, kiuno, miguu, na umwambie kabla hujamgusa! Ana usonji huyo, hana kiburi, muulize taratibu!"

Watu ukumbini wakaanza kucheka. Harleen alisikia sauti ya mwanamume wa mikoba ikisema kwamba gola ni marufuku, kwamba bibi harusi ana dakika tano kabla ya kaunta kufungwa, akimbie akaikatishe na kuiweka sandukuni, au anaitupa sasa hivi. Na alimsikia Mehak akimjibu angoje kwanza, ana kazi.

"Sasa kiuno, wifi! Wapo kiunoni? Niambie!"

Haikuwa sauti ya Noor. Maneno aliyaharibu, mara anasema halafu badala ya sasa, mara anachomeka maswali, na watu wote wa safari za ndani walikuwa wanayasikia yale maneno ambayo Harleen aliyaweka mahali pa sala. Alimchukia kwa hilo. Lakini mkono wa askari ulikuwa umesimama, unangoja, na koo likafunguka kidogo.

"Kilemba," Harleen akasema. "Cha kaka yangu. Nakifungua mwenyewe."

Alikifungua mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, mita tano za kitambaa cha buluu kilichofifia, mpaka kikaisha na askari wakaona kwamba ndani yake hakuna kitu ila yeye. Yule mnene alikikunja vizuri kuliko Harleen alivyotarajia, akamrudishia.

"Ungesema mapema," akasema, si kwa ubaya. "Inama kidogo. Sasa nagusa miguu."

"Miguu, wifi!" Mehak akapiga kelele huko nje, amechelewa. "Na imekwisha! Imekwisha?"

"Imekwisha," Harleen akajibu, na muhuri ukagongwa kwenye kadi yake ya ndege.

Alipotoka, dakika tano zilikuwa zimepita zamani. Mwanamume wa mikoba alikuwa tayari ameitumbukiza gola kwenye pipa jeusi, pamoja na uzi wake mwekundu, juu ya viberiti na chupa za maji za watu. Mehak alisimama mbele ya lile pipa, machozi yanamtiririka na kuharibu wanja. Noor alifika mbio kutoka upande wa wanaume, akamkumbatia dada yake kwa macho tu, kama alivyojua anapenda, kisha akamgeukia mkewe na kumwambia kwamba ni nazi tu, watanunua nyingine Pune. Mehak alimtazama mpaka akaona heri aende kutafuta chai.

Mawifi wawili walikaa kwenye viti vya mlango wa kuondokea, kiti kimoja kikiwa wazi katikati yao. Harleen alikuwa amekifunga tena kilemba, amekaza. Alikuwa amepita. Kesho angekuwa na meza yake, karatasi zake na makosa ya watu wengine ya kusahihisha. Angeweza kunyamaza hapo, na hakuna ambaye angejua. Tena nyumba atakayolala Pune ilikuwa ya huyu anayelia, na akitaka anaweza kumfungia mlango kesho hiyo hiyo.

"Mama atasema ni mkosi," Mehak akasema. "Siku ya kwanza tu na nimeshaiachia. Ningejuaje? Hakuna aliyeniambia. Hata mtu mmoja."

Kitu kilichomuuma Harleen kuliko vyote ni kwamba hata katika hili alimwonea wivu. Mehak ndiye aliyetenda wema, na wema ulimkaa vizuri kama kila kitu alichovaa. Yeye alikuwa amebaki na nafasi ya mbaya.

"Mimi nilijua," akasema.

Mehak alifuta pua. "Ulijua nini?"

"Kwamba gola hairuhusiwi. Imo kwenye orodha."

"Ulijua lini?"

"Saa mbili na robo, mama yako alipoitia kwenye mkoba."

"Na kwenye gari?"

"Nilijua."

"Na kwenye kaunta, nilipokuwa nimesimama na sanduku liko wazi pale mbele yangu?"

"Pale pia."

Safari nyingine ilitangazwa, watu wakainuka, wakapita, viti vikabaki vitupu.

"Kwa nini?"

"Alikupa maneno yangu," Harleen akasema. "Yalikuwa yangu na yeye. Akakupa na hakuniuliza."

Alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa kilio, na kwa Noor kuitwa. Badala yake Mehak alitoa mlio ambao Harleen hakuweza kuujua mara moja kama ni kicheko au la.

"Unajua wiki yangu ya kwanza ya ndoa niliifanya nini?" Mehak akasema. "Wenzangu wanapelekwa milimani kula fungate. Mimi kila jioni mume wangu ananisimamisha katikati ya chumba, ananiambia sema tena. Sasa mikono, sasa mgongo. Nikikosea, tena kuanzia mwanzo. Najipaka manukato, natoka, ananiuliza kama nimekumbuka kiuno kinatangulia miguu. Usiku wa nne nikamwambia, Noor, hivi mimi nimeolewa na wewe au na dada yako? Akaniambia nisiseme hivyo, mpaka leo ananuna." Alipandisha kamasi. "Nimekuonea wivu wewe mpaka nimekonda. Gauni la harusi limenipwaya, muulize fundi."

Harleen alimgeukia. Alimtazama usoni kabisa, jambo ambalo halifanyi.

"Mimi?"

"Nani mwingine?" Mehak akaufunga mkoba wake uliokuwa mtupu upande mmoja. "Na usiniambie pole, nimekasirika. Leo usikae karibu na mimi. Kesho sijui. Kesho tutaona."

Noor alirudi na vikombe vitatu vya chai, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kama kila kitu kiko salama. Mehak akamwambia anywe chai yake. Safari yao ilipotangazwa, alisimama akaenda mbele na mumewe bila kugeuka, wanja umemchora mashavuni.

Harleen aliwafuata kwa mbali, hatua sita au saba, kama alivyoagizwa. Alikuwa na aibu, na alijua ataendelea kuwa nayo kwa siku nyingi. Lakini chini ya aibu kulikuwa na jambo jingine, na alilirudia kichwani njia nzima mpaka mlango wa ndege, polepole, ili asilimalize. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Watu walishamwonea huruma, walishamcheka, walishamwogopa, walishamwombea dua. Hakuna aliyewahi kumwonea wivu.